UZI: Benchi la zahanati linavyotoa siri za wanawake huku Mtwara na Lindi

MamaMingoko

Habari zenu ndugu zangu. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, mwenye binti au mdogo wake wa kike ausome wote.

Mi nakaa Tandahimba, kijiji sikitaji na zahanati siitaji maana wahusika wapo na wengine ni watu wazuri tu. Hili jambo nimekaa nalo kifuani tangu msimu wa korosho uliopita. Mdogo wangu, tumbo moja, wakati huo alikuwa na watoto watatu, mumewe anapuliza salfa kwenye mikorosho ya watu na yeye anaokota korosho kwa vibarua, shamba la kusema letu hawana. Alikuwa anachoma sindano ya uzazi wa mpango ile ya miezi mitatu, bure kabisa, serikali haidai hata mia. Mwaka juzi akaacha. Nilivyombana kwa nini umeacha akaniambia dada, lile benchi.

Nieleze hilo benchi. Zahanati yetu ina baraza moja tu mbele, inaangalia barabara ya kwenda mashineni kusaga, na ng'ambo ya barabara kuna bomba la maji, na maji huku kwetu juu mnajua yalivyo ya shida kwahiyo pale watu hawakosekani toka asubuhi. Benchi lipo barazani. Uzazi wa mpango umepangiwa Alhamisi, mama wajawazito Jumatatu, watoto kupima uzito Jumatano. Sasa wewe ukae pale Alhamisi huna mtoto mgongoni, huna tumbo, hukohoi, hata mtoto wa darasa la pili anajua umefuata nini.

Wifi yake akapita na beseni la makopa kichwani anaenda mashineni. Akamsalimia vizuri tu, wifi hujambo, sijambo. Usiku habari iko kwa mama mkwe, kesho yake kwa mume. Hakupigwa, nisiwe muongo. Mume alikaa kimya siku tatu halafu akamuuliza swali moja, unajizuia kuzaa na mimi ili uzae na nani? Basi Alhamisi iliyofuata hakwenda, wala iliyofuata.

Mwaka jana akashika mimba ya nne. Na hapo ndo pananiuma zaidi, maana mimba nayo kaificha, kaanza kliniki mimba ina miezi saba wakati inatakiwa mama afike kabla ya wiki ya 12. Benchi ni lile lile. Kajifungua, damu ikagoma kukata, tukapiga 115 gari la m-mama, lile la dharura la kubeba wazazi, likaja, kaongezewa damu hospitali. Mtoto mzima, na yeye mzima. Lakini ule usiku siusahau, nimekaa nyuma ya gari nimemshika miguu nasema moyoni haya yote yameanzia kwenye benchi.

Watu tukiongelea siri za hospitali tunakimbilia kusema manesi wana midomo. Wapo kweli. Ila siri ya mdogo wangu hakuna wa zahanati aliyeitoa kwa mdomo, nesi hakusema neno kwa mtu. Iliyoitoa ni benchi, na Alhamisi, na ile kadi aliyokuwa anaichomeka kwenye pindo la kanga, na dirisha la dawa ambalo unaitwa jina lako lote na la baba yako mpaka wa bombani anasikia. Hivi vitu havina midomo na vinasema kuliko nesi yeyote.

Na mwenye uwezo yeye siri anainunua. Anapanda gari anaenda Masasi au Mtwara mjini, anaingia kwenye kituo ambacho hamjui mtu, jioni karudi na mfuko wa samaki, nani atajua alikwenda kufanya nini. Mdogo wangu nauli ya kwenda na kurudi na kula ni vibarua vya siku nne. Huku kwetu ukiangalia vizuri wanawake wengi wanaenda kuweka vijiti vya uzazi wa mpango kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, msimu wa korosho, hela ipo mkononi. Ikifika mwezi wa pili wa tatu hela imeisha, ndo unabaki na benchi.

Naomba wenye uzoefu mchangie, hasa wauguzi. Sijaja kumchafua mtu.

---

Mpulizaji_wa_Newala

Dada pole sana na mdogo wako, na mi kazi yangu ni hiyo hiyo ya salfa kwahiyo nimemuona huyo shemeji kabisa. Lakini niseme ukweli wangu kama mwanaume. Mke anayejificha kwa mumewe hapo tatizo liko ndani ya nyumba, haliko kwenye benchi. Uzazi ni wa watu wawili. Kwa nini wasikae wakaongea kwanza? Hizi siri za kliniki zinatufanya sisi waume tuonekane maadui na mtu ukija kusikia nje kwa dada yako inauma kuliko hata ungeambiwa mwenyewe.

---

MamaMingoko

Kaka nimekuelewa na sigombani na wewe. Umesema ungependa uambiwe na mkeo sio na dada yako, na mi ndo ninachotaka. Mdogo wangu alikuwa anamtafutia mumewe siku nzuri ya kumwambia, kaniapia, labda baada ya mnada wa kwanza wa korosho moyo ukiwa umetulia. Benchi likamuwahi. Anayetakiwa kuchagua saa ya kusema ni yeye mwenye mwili.

Halafu kingine. Huku kusini hatukatai hizi njia, Lindi na Mtwara miaka yote ziko kati ya mikoa inayotumia uzazi wa mpango kwa wingi. Ule utafiti mkubwa wa serikali wa afya wa 2022 nchi nzima wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni 31 kwa mia, sisi tuko juu ya hapo. Kwahiyo wanawake wanataka na wanatumia, wanachokimbia ni macho.

---

Nesi_Mstaafu_Ruangwa

Nimesoma mara mbili. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka 22, zaidi mkoa wa Lindi, na aliyoandika huyu dada tulikuwa tunayaona kila siku tukawa tumeyazoea, na kuzoea ndo kosa letu.

Zahanati za vijijini nyingi chumba kimoja kinafanya kazi tatu. Asubuhi mzani wa watoto umening'inia hapo, saa nne unapima mama mjamzito, saa sita unaingiza kijiti, na mlango unafunguliwa kila dakika mtu anaulizia dawa ya malaria. Nesi uko peke yako au wawili. Kupanga siku maalum kulitokana na hilo, ukichanganya unachanganyikiwa na vitabu. Kila huduma ina kitabu chake cha MTUHA, yaani cha kumbukumbu za kituo, uzazi wa mpango ni namba 8, mimba namba 6, na unaandika jina, umri, anakotoka, njia aliyochukua. Kitabu kikubwa, kinakaa wazi mezani. Mama wa pili akiinama kusaini au kuonyesha kadi anasoma jina la wa kwanza. Mi nilikuja kujifunza kukifunika na gazeti, kitu kidogo tu, lakini nilianza kufanya hivyo mwaka wa tisa wa kazi na naona aibu kusema.

Niongeze ambacho wengi hawakisemi, kila njia ina mahali pake inapovujia. Sindano inakuja na mabadiliko ya damu, wengine hedhi inakata kabisa, mume mwenye kuhesabu anaona. Kijiti kiko chini ya ngozi ya mkono, ukishikwa mkono kinapapasika, na siku za kwanza una bendeji. Vidonge vinatakiwa kila siku sasa utavificha wapi kwenye nyumba ya chumba kimoja, wengine walikuwa wanavifukia kwenye mtungi wa mchele. Kitanzi hakionekani wala kushikika kwa nje ila kinataka upande kitandani, mlango ufungwe, na hapo ndo turudi kwenye chumba chenye mzani. Nesi mwenye moyo anakaa na mama anamuuliza, nyumbani kwako nani anajua, simu ni ya nani, unalala na nani, ndo mnachagua. Ukimuuliza umri na idadi ya watoto peke yake utampa njia ambayo itamuumbua.

Na SIMU jamani. Tunaandika namba ya simu ili tumkumbushe tarehe. Namba nyingi ni za waume. Nimewahi kumpigia mama kumkumbusha sindano akapokea mume, nikasema namtafuta kwa habari ya kikoba. Ilikuwa bahati nilipata la kusema.

Kadi, mama ana haki ya kuomba ibaki kituoni. Tulikuwa tunazifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye droo, yeye anakumbuka tarehe tu. Na akichelewa tarehe ya sindano kwa sababu kuna watu benchi asikate tamaa, aje, ndani ya wiki nne baada ya tarehe anachomwa tu.

---

BintiKilwa

Mi langu ni la barua. Mimba yangu ya pili mwenzangu alikuwa dago, kambi ya wavuvi, anavua, karudi baada ya miezi miwili. Nimefika kliniki nimejiwahi nina wiki tisa, naambiwa mbona umekuja peke yako, mwenza lazima apime naye. Nikasema yuko baharini. Nikaambiwa basi nenda kwa mwenyekiti akakuandikie barua kuwa mume hayupo.

Mtu nina mimba ya wiki tisa, mama yangu mzazi sijamwambia, niende nikasimame kwa mwenyekiti na pale kuna wajumbe wamekaa wanacheza bao, niseme naomba barua ya kliniki. Nilirudi nyumbani. Nilikwenda tena nina miezi mitano yeye akiwa karudi. Na mi nina mume, je msichana aliyepewa mimba na mtu akakimbia? Huyo barua yake itaandikwaje?

---

Nesi_Mstaafu_Ruangwa

Binti pole. Hiyo barua watu walijitungia vituoni. Mwongozo unahimiza mama aje na mwenza na ni jambo jema, kuna faida kubwa wote wakipima, lakini hakuna mahali panaposema mama arudishwe. Mama akija peke yake anahudumiwa siku hiyo hiyo na mwenza anaalikwa kwa njia mama atakayoona inafaa. Ukirudishwa tena muulize nesi kwa upole, dada hiyo sheria naiona wapi. Ukishindwa piga 199 ile namba ya bure ya wizara ya afya.

---

Kishikwambi_na_Begi

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, niko kwenye huu mpango uliozinduliwa Januari 2024, ule wa nchi nzima unaolenga wahudumu 137,294. Sisi tunatoka palepale kitongojini, ndo nguvu yetu na ndo udhaifu wetu. Nguvu kwa sababu nakijua kila kichochoro, najua mama fulani hana nauli, naweza kufika usiku. Udhaifu kwa sababu mi ni mtoto wa fulani, nimecheza na mume wake mpira, mama yake ni rafiki wa mama yangu. Nani atanipa siri?

Mwanzoni nilikuwa naenda moja kwa moja kwenye nyumba yenye mama ninayemfuatilia. Fulana imeandikwa, begi mgongoni, kishikwambi mkononi. Majirani wakaanza, mbona kwake anakuja kila mwezi, ana nini? Mama mmoja akaniomba nisije tena kwake. Niliumia lakini alikuwa na haki. Sasa hivi napita nyumba zote za mstari, kama ziko kumi napita kumi, kwa mzee naulizia presha, kwa wengine chandarua, choo, chanjo, halafu kwa yule ninayemtaka nakaa dakika zile zile nilizokaa kwa wengine. Kazi imekuwa ndefu mara tatu ila milango imefunguka.

La pili sigusi habari za uzazi mama mkwe akiwa uwanjani. Nasema naomba unionyeshe mtungi wa maji ya kunywa, tunaingia, tunaongea. La tatu, kuna wanawake wanasema wazi wanataka mhudumu mwanamke au wa kitongoji cha pili. Tumekubaliana na mwenzangu tunabadilishana, sio kwamba nimedharaulika.

Bosi kaniambia taarifa kwenye kishikwambi zina nywila, sawa, lakini mi nikikiacha mezani nyumbani kwangu kikiwa wazi mke wangu na watoto wanasoma. Ulinzi uko kwenye mkono wangu.

---

Wakili_wa_Mikindani

Niweke ya kisheria kwa ufupi. Katiba ya 1977 ibara ya 16 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 kifungu cha 16 majibu ya kipimo ni siri na anapewa aliyepima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kitabu kilichoachwa wazi mezani nacho ni taarifa binafsi, watu wanafikiri hiyo sheria ni ya kompyuta tu.

Ila niwe mkweli, mama wa kijijini hatafungua shauri kwa ajili ya benchi. Njia yake fupi ni kamati ya usimamizi ya zahanati, ile ina wajumbe wa kijiji wenyewe. Muulizeni mwenyekiti wake ni nani, wengi hamumjui na mlimchagua.

---

Mjukuu_wa_Kungwi

Naandika kwa niaba ya bibi yangu, nimemsomea uzi wote anatafuna korosho hapa. Yeye ni kungwi, kawachezesha wanawali zaidi ya miaka arobaini, Nanyumbu, na somo ni yule mama anayemfunda mwali unyagoni. Anasema hivi, nanukuu alivyosema: "Sisi tukimtia mtoto unyagoni, somo wake anajua habari zake zote, za mwili na za ndoa, mpaka anakufa. Umewahi kusikia somo kasema? Mnasema wanawake hatuwezi siri, tumeziweka toka zamani. Hao wa zahanati walituuliza?"

Anasema zamani mwanamke akiwa na jambo la tumbo anaongozana na somo wake na hakuna mwanaume wala mkwe wa kuuliza mnakwenda wapi. Anashauri hao wanawake waende kliniki na masomo zao, hata wifi akiwaona atajua ni mambo ya wakubwa atapita. Na anasema manesi wapya wakija kijijini wapelekwe kwa makungwi wakasalimie kabla ya kuanza kazi, wafundishwe namna ya kufunga mdomo wa huku.

---

Mpulizaji_wa_Newala

Nimerudi. Nimesoma ya huyu binti wa Kilwa na ya nesi ya simu, nimewaza sana. Namba iliyoandikwa kliniki kwa mke wangu ni ya kwangu, simu nyumbani ni moja. Sijui amewahi kukosa nini kwa sababu hiyo na nimeona aibu kumuuliza kwa sababu nikimuuliza nitakuwa namchunguza tena. Nimemnunulia kitochi chake, nimemwambia tu hii ni yako. Dada Mingoko mkifikia hatua ya kutengeneza benchi jingine mi nina mbao za mninga vipande, niambieni nitazileta kwa boda mpaka Tandahimba.

---

MamaMingoko

Samahani nimechelewa, wiki tatu hizi. Nawapa mrejesho.

Nilienda kwa nesi wetu kwanza kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, nikamsomea uzi huu, nikaogopa atachukia. Alinisikiliza akalia, akasema yeye mwenyewe akitaka huduma hiyo anaenda wilaya nyingine. Tukaenda wote kwenye kamati. Mwenyekiti wa kamati ni mzee wa watu, nilidhani itakuwa vita, akauliza kitu kimoja tu, kwahiyo ni kuhamisha benchi? Nikasema kuanzia hapo.

Benchi limehamia nyuma chini ya mkorosho, mlango wa nyuma uliokuwa umefungwa na magunia umefunguliwa. Alhamisi imefutwa, huduma ni siku zote, ukikaa pale hakuna anayejua umefuata sindano au mtoto ana homa. Nesi anasema vitabu vinamchanganya kweli maana anafungua vinne kwa wakati mmoja, wiki ya kwanza alikosea mara mbili ikabidi arudie, lakini anaendelea. Kanga tumechanga doti tatu zimekuwa mapazia, moja ya kutenganisha kile kitanda na mzani. Mbao za kaka wa Newala zimefika, fundi kachonga kisanduku cha kadi chenye kufuli.

Dirisha la dawa bado. Liko kwa mbele, limejengwa na simenti, kulitoboa upande wa pili kunataka hela na kibali cha halmashauri. Kwa sasa wanaita kwa namba badala ya majina, wazee wanasahau namba zao wanasimama wote kwa pamoja, tutazoea. Kama kuna mtu zahanati yao dirisha limehamishwa aniambie walipitia ofisi gani na ilichukua muda gani.

Kuna mtu kaniuliza inboksi kama mdogo wangu anajua nimemuandika huku. Anajua. Nilimsomea kabla ya kuweka, kuna mambo mawili kaniambia toa, nimetoa, na moja nimelibadilisha msimtambue. Wiki iliyopita kaenda zahanati, kapitia mlango wa nyuma akiwa na somo wake. Alichochagua sitakiandika hapa.